Mkanda wa Baba Zawena

Uvumi ulianzia bombani: eti mtoto wa Sikudhani anamwigiza baba yake shuleni, kwenye maigizo ya kukomesha vipigo majumbani. Sikudhani akacheka pamoja na wenzake, lakini maneno yale hayakumtoka kichwani. Alipokuta mkanda wa mumewe haupo msumarini, akajitupia khanga, mbio mpaka shuleni. Baba Zawena akirudi asiuone, watakiona cha moto wote wawili.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Zawena, kavaa koti kubwa, alikuwa ameuzungusha mkanda mkononi, amemwinamia mwenzake anayeigiza mama, aliyejikunyata sakafuni.

"Gandeni hapo hapo!" Mwalimu Komba akawaambia waigizaji. Akawageukia watazamaji. "Nani angefanya tofauti? Apige makofi, aingie badala ya mama."

Sikudhani hakupiga makofi. Alipanda jukwaani kuuchukua mkanda. Watoto wakashangilia, "Mama kaingia! Mama kaingia!"

"Nipe, twende nyumbani," akanong'ona.

"Nyumbani kwa nani, we mwanamke?" Zawena akamjibu kwa sauti nzito ya baba yake. "Juzi ulianguka bafuni. Leo utaanguka wapi?"

Sikudhani akausahau mkanda. Akawageukia kina mama waliokaa nyuma, wale wale wa bombani.

"Jamani, msinicheke. Msiwaambie watoto mmeanguka bafuni. Msifunge mlango mkidhani hawasikii. Msioshe damu kabla jirani hajaiona. Msingoje mpaka mtoto aje kuwasemea mbele ya watu."