Msimamizi wa Seva

Miaka tisa nywila kuu ya seva nimeijua mimi peke yangu. Jumatatu bosi akasema yule dada mgeni naye apewe, eti tusaidiane. Tangu hapo ofisi nzima haina wimbo mwingine ila yeye.

Leo, alipoinama kutafuta chaja, niliandika amri ya kumfuta kwenye seva. Kitufe cha Enta kimesuguliwa na kidole changu mpaka kinang'aa. Nikakibonyeza.

Skrini ikajibu: huna mamlaka. Jaribio hili limeripotiwa kwa msimamizi.

Nikacheka kidogo. Msimamizi si mimi?

Simu yake ikatetemeka mezani. Akaisoma, akanitazama kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonichoma.

"Kaka," akasema taratibu, "kwani bosi hajakwambia?"