Woga Ulioazimwa

Mgodi uko kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye barabara za barafu. Mimi niko nyumbani kwangu, Kahama. Kila asubuhi navaa kofia waliyonipa, na woga wangu unanitoka na kuhamia kwenye lori lao mpaka jioni. Wenyeji wa kule wameshaizoea barafu, kwa hiyo mgodi unataka woga wa mtu ambaye hajawahi kuikanyaga. Likiwa na woga wangu, lori linashuka mteremko taratibu, na halijawahi kupinduka.

Shida iko huku. Juzi nilishika sufuria ya moto mikono mitupu, ngozi ikabanduka, nikabaki kuitazama tu.

Leo nilikuwa uani nachambua mchele, simu ikaita.

"Dada Nyamizi," akasema msimamizi wa mgodi, "lori lako limesimama katikati ya mteremko. Hapo leo barabara kavu, barafu hakuna, lakini linatetemeka. Kuna nini?"

"Hata sielewi, kaka. Huku kwema."

Nikainua macho. Kabula, mwanangu wa miaka mitatu, alikuwa juu kabisa ya ngazi ya tenki la maji, ameachia mkono mmoja, ananipungia.

Nikampungia pia. Kisha nikarudi kwenye mchele wangu, nikijiuliza lori kubwa namna ile linaogopa nini.