Mkono wa Msemaji

"Mbaruku, uache mkono huo! Si wako!" Bi Mwanakombo alifoka akimchungulia uchochoroni juu ya ukuta wa uani.

"Jamani mama, nafanya mazoezi tu. Jioni nakwenda kumposea mpwa wangu. Nikibabaika, tutanyimwa binti."

"Basi babaika kwa mkono wako! Huo ni wa marehemu mume wangu."

Majirani waliojaa uchochoroni wakacheka. Nani asiyemjua Mbaruku? Akisimama mbele za watu hukauka, mikono mfukoni. Lakini tangu asubuhi mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda wenyewe, ukitulia hewani, kisha ukishuka taratibu kifuani, vilevile kama wa yule marehemu, mzee aliyesemea posa zote za mji. Aliusukuma mfukoni. Ukatoka. Maneno yakamtiririka kwa sauti nzito asiyoijua, matamu, ya kumlainisha baba yeyote mwenye binti.

Kicheko kikakatika. Bi Mwanakombo akajifunga kanga upya, akafungua mlango wa uani. Mbaruku alitaka kurudi nyuma. Miguu yake ikavua viatu.

"Umekawia, mume wangu," Bi Mwanakombo alisema kwa upole. "Pita ndani ule, wali unapoa."