Utamu Ndani ya Barakoa

"Ukisikia utamu mdomoni, Koplo, nyoosha mkono," alisema daktari wa jeshi. "Ujue barakoa inavuja. Sukari utaisikia, mionzi hutaisikia."

Rukaiya aliitikia kwa kichwa. Damu, macho na mapafu alishafaulu. Kikosi cha usalama wa mionzi kilikuwa kimebakiza nafasi moja, naye kipimo kimoja.

Daktari akamvisha kofia pana ya plastiki iliyofunika kichwa chote juu ya barakoa, akapuliza ndani yake ukungu wa sukari.

Mpira wa barakoa ulimkumbatia uso wote, isipokuwa shavuni penye kovu. Hapo utamu ukapenya, mwembamba kama uzi, ukatua ulimini mwake. Akajiapiza kuwa hanyooshi mkono ng'o.

Pumzi zake zilivuma masikioni kama mawimbi ya Kunduchi. Chumba kikayeyuka. Akajiona mtoto mdogo, uani Mwananyamala, kaimati zinanukia, bibi yake anapiga ukelele, na shira ya sukari ya moto inamtiririka shavuni.

"Unasikia chochote?" Sauti ya daktari ilitokea mbali.

Akatikisa kichwa kukataa.

Lakini mkono wake, kama siku ile, ulishapanda wenyewe kwenda kulifuta shavu.