Pigeni, Asisikike

"Pigeni! Mnapapasa kama mnabembeleza mtoto!" Bibi Lemai aliwakemea wenzake mtumbwini, huku akiutwanga upatu wake wa shaba kwa nguvu zote.

"Bibi, mkono utang'oka!" alisema Unggang, aliyekuwa akipiga pondo.

"Uking'oka, uokote upigie!"

Mwaka uliopita walikuwa wakimpeleka mjukuu wake, Mindu, kwa mchumba, upande wa juu wa mto. Njiani nendak akalia, yule ndege mdogo mweusi mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Bibi harusi akililiwa na nendak ni mkosi, hurudishwa kwao. Mindu alilia hadi akakonda. Wazee wakakubali wajaribu mara moja tu tena, na ndiyo leo.

Ndege asiyesikika hana neno. Kwa hiyo patu hazikunyamaza tangu alfajiri.

Mindu alikuwa katika mtumbwi wa nyuma. Bibi mwenyewe alimfunga kiunoni mshipi wake wa fedha, urithi wa mama yake.

"Bibi, nitatembeaje na mzigo huu?"

"Kama bata. Kwani bata haolewi?"

Kwenye kona ya mto Bibi Lemai alimwona nendak tawini, mkia juu, mdomo wazi. Sauti yake haikumfikia Bibi hata kidogo.

"Imba, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Leo unajiimbia mwenyewe."

Wakayapita maji ya kasi. Punde ikasikika sauti nyuma yao, nyembamba, ya juu. Bibi akazidi kuutwanga upatu. Unggang akaanza kugeuza shingo.

"Usigeuke!"

"Lakini Bibi, nimesikia kama..."

"Hujasikia kitu! Jamani, pigeni! Mnataka mtoto arudishwe tena?"

Walipiga mpaka viganja vikachubuka. Sauti ikaja tena, ikafifia, ikakatika. Bibi Lemai akacheka huku machozi yakimtoka.

Kwenye gati la mchumba walipokelewa kwa pombe ya mchele. Patu zikatulia. Wote wakageuka kuungojea mtumbwi wa nyuma.

Aliyekuja ni Entri, mpiga pondo wa mtumbwi huo, kwa miguu, kando ya mto, akichuruzika maji. Hakusalimia mtu.

"Mindu alishikilia jiwe kwenye maji ya kasi, Bibi, akikuita wewe," alisema. "Mbona mlizidi kupiga?"