Saba Iliyosimama Wima

Kwenye maonyesho ya magari ya zamani mjini Flint, mwamuzi alimuuliza Wendell kama injini kubwa ya silinda nane ya gari lake ndiyo iliyotoka nalo kiwandani.

"Ndiyo yenyewe. Namba si hizo hapo?"

Wendell alizigonga mwenyewe kwa nyundo, kwenye injini iliyotoka gari jingine, wiki moja baada ya kumzika baba yake.

Mzee aliyegonga namba za injini kiwandani pamoja na marehemu akainama, akafuta grisi kwa kidole gumba. Kidole kikatulia juu ya saba iliyosimama wima.

"Ndiyo yenyewe," akamwambia mwamuzi, naye akaandika, akaondoka.

Kisha mzee akanong'ona, "Saba ya baba yako ilikuwa inalala kidogo, mwanangu. Na hakuwahi kugonga namba ya uongo."

Kipaza sauti kikaanza kulitaja jina la marehemu, kama fundi aliyegonga namba za injini ya Wendell.