Wimbo wa Baba Wawili

Kefa alimpokonya Fondo kipaza sauti redioni, mchana kweupe, Kisauni nzima ikisikiliza.

"Wimbo huo ni wangu," alisema. "Huyu kazi yake ni kupanua mdomo tu."

Kilikuwa kipindi cha Jumamosi katika kituo kidogo cha redio. Mtangazaji, Linda, aliwaita wanamuziki wawili na kumwuliza kila mmoja ni wimbo upi, kati ya alizotunga mwenyewe, anaojivunia kushinda zote. Wote wawili wakataja "Usikomee Mlango".

Wangetaja upi mwingine? Hakukuwa na harusi Mtopanga iliyokwisha bila wimbo huo. Waliuimba pamoja, kisha wakagombana na bendi ikavunjika. Sasa hoteli moja ya Shanzu ilimtaka mwenye wimbo apige pale kila wikendi, mwaka mzima. Mwenye wimbo, si wenye wimbo. Meneja alisema atasikiliza kipindi, na Jumatatu atamwita mmoja. Fondo alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, mabega yamemwota sugu. Kefa alikuwa akibeba magunia Changamwe. Na kila mmoja alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba shida zimekwisha.

Basi wakararuana. Fondo akasema mtu aliyeshuka kutoka bara juzi na sanduku la bati hawezi kutunga Kiswahili kama kile. Kefa akasema Fondo hushika gita kama aliyeshika jembe, na kwamba hata kanisani walimtoa kwaya kwa kukosa sauti. Linda aliwaomba heshima mara mbili. Hakuna aliyemsikia.

Mwishowe Linda akaona njia ya kuwapima. Katika kiitikio, msichana yuko njiani anarudi kwao, na anampigia mamake simu. Amwambia asikomee mlango, amwekee kunde, ila zake asizitie nazi. Hapo ndipo watu walipoupendea wimbo. Pwani hii, nani hula kunde bila nazi? Watu walibishana juu ya hilo hata kwenye foleni ya maji.

"Aliyetunga atwambie," Linda alisema. "Kwa nini hataki nazi?"

Kefa akakuna kidevu. Akasema ni umaskini. Nazi zimepanda bei, na msichana anamhurumia mamake. Halikuwa jibu baya, na Linda alianza kutikisa kichwa kukubali.

Fondo akacheka.

"Mnaona? Hajui. Nazi humtoa vipele. Akila kidogo tu, shingo yote yavimba, ajikuna mpaka kuche. Basi, ni hivyo tu."

"Na hiyo uliitoa wapi?" Linda akauliza.

"Kichwani mwangu. Kwani nilikuwa na mwalimu? Kila neno la wimbo ule ni langu peke yangu. Kefa nilimletea ukiwa umekwisha, yeye akatia nyuzi."

Kefa aliinamia gita lake, maana hilo la mwisho lilikuwa kweli na yeye alijua. Fondo akaona amemshika, akazidi. Sifa hulevya kushinda tembo la mnazi lililolala, na mlevi hana siri. Akaeleza jinsi alivyokaa na maneno yale wiki nzima, jinsi yalivyomnyima usingizi, hata akaona heri ayaimbe. Linda akasema kweli huyu ndiye msanii, akafungua simu za wasikilizaji.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Ziwa la Ng'ombe.

"Shikamoo, mama," Fondo alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Alisema nyumbani kwake kuna msiba, na redio haijawashwa tangu mwaka jana. Leo jirani amefungulia yake kwa nguvu, ndipo akausikia huo wimbo kwa mara ya kwanza, na ubishi wake pia. Angependa kuumaliza, kama watamruhusu.

"Fondo asema kweli," alisema. "Wimbo ni wake. Huyo mwenzake hajui lolote, mwacheni aende zake."

Fondo akarusha mikono juu. Linda akapiga makofi. Kefa akasukuma kiti nyuma, akaanza kulitia gita katika mfuko wake bila kumtazama mtu. Fondo akamwombea yule mama baraka, yeye na kizazi chake, kisha akamwuliza kwa kicheko amejuaje.

"Binti yangu Kache nazi ilimtoa vipele tangu mchanga," mama akasema. "Maneno hayo ya wimbo aliniambia mimi, kwa simu, jioni ile akitoka matangani, na simu ikakatika. Siku ya tatu tukamtoa kisimani. Polisi waliwauliza vijana wote mliopiga muziki pale matangani, nawe Fondo ukaandikisha kwamba hukumwona. Mimi maneno yale sijamwambia mtu ila mpelelezi, naye yuko hapa, ndiye aliyenishikia simu."

Fondo akamsogezea Kefa kipaza sauti.

"Mama," alisema, "kusema ukweli, wimbo huu ni wa Kefa."